Moshi wa Cucu

Kileleshwa, Nairobi
6 Oktoba 2024

Senge Selpher,

Mulembe. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu najua simu unaisikia kama mbu sikioni, na kwa sababu nimenyamaza tangu Aprili na aibu imenizidi. Usinikemee, shangazi ninaye mmoja tu. Ken mwanao ananiletea salamu zako zote, na picha ya ndama nimeibandika kwenye mlango wa friji.

Huku tu wazima. Goti la Mama limepona na amerudi kwaya. Jumapili iliyopita alisimama Misa nzima akiimba sauti ya pili, kisha akalala siku mbili. Mvua bado hatujaiona. Jirani wa juu amenunua jogoo, kwenye ghorofa, Senge, na hakuna anayethubutu kumuuliza kwa nini.

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka Gerishon Karanja, yule mrefu mwenye miwani niliyekuja naye Desemba kwa ukumbusho wa Baba. Tulikuwa pamoja miaka minne. Kazini nilikuwa mwonjaji wa kiwanda chake kidogo cha bia, kule nyuma ya Loresho, na nyumbani nilikuwa unavyojua. Mwezi wa nane aliniita ofisini, saa nne asubuhi, mlango ukiwa wazi kila mtu asikie. Akasema, "Jacky, kampuni inabadilisha mwelekeo. Na sisi pia." Debra, yule wa matangazo, alikuwa ameshakalia kiti changu, anakunywa chai. Nilichukua sweta yangu nikatoka. Siku hizi nakanda unga kwenye duka la mikate, si mbali na hapo.

Hilo ningelimeza. Lakini jana nilipita Hurlingham, nikaingia baa moja ya barabara ya Argwings Kodhek kununua maji, nikaona bango: bia mpya kutoka kwa Gerishon, inaitwa Moshi wa Cucu. Nikaagiza moja. Povu halijatulia, harufu ikanifikia, na mara nikawa nimesimama jikoni kwako. Kimea cha wimbi kilichokaangwa juu ya majivu ya magunzi. Majani ya mpera. Busaa yako, Senge, imechujwa, imewekwa gesi na kufungwa kwenye chupa. Na nyuma ya chupa wameandika kwamba hiyo ni siri ya cucu, nyanya yake Gerishon, kutoka Murang'a.

Nyanya yake alikuwa wa kanisa lile lisilogusa pombe. Gerishon alinisimulia mwenyewe.

Nakuuliza kitu kimoja. Desemba ile, ulimwona akichungulia jikoni ulipokuwa unafunika chungu? Mimi nilikuwa kaburini na Mama. Niambie, maana nataka kujua vizuri kabla sijafanya ninachotaka kufanya.

Mwanao,
Jacklyne


Kimilili
28 Oktoba 2024

Mwanangu Jacklyne,

Mulembe muno. Barua ilikaa siku sita kwenye ofisi ya basi kwa sababu uliandika Selpher bila jina la ukoo, na hapa mjini tuko Selpher kumi na mmoja. Ndama ameachishwa. Mtoto wa Ken amepata komunyo ya kwanza. Alivaa viatu vya dada yake na hakuna aliyejua ila mimi. Mwambie mama yako apake goti mafuta ya nyonyo na aache kujionyesha kwa padri.

Nimemtuma Ken Bungoma akaniletea hiyo chupa. Nimeionja. Unajua maoni yangu kuhusu bia za chupa: ni maji yaliyokasirishwa. Marehemu baba yako alipenda Pilsner na nilimwambia usoni kwamba anakunywa povu tupu. Lakini hii nilipoinywa, niliketi chini. Ni mkono wangu. Umevalishwa suti, lakini ni mkono wangu.

Mimi nilifundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja. Mtoto akinakili kazi ya mwenzake nilimsimamisha mbele ya wote aieleze sentensi kwa sentensi. Hakuna aliyerudia. Huyo Gerishon asimamishwe. Asimamishwe mbele ya watu anaowaheshimu, na wewe uwepo.

Usinitumie sukari, inatosha. Nakutumia kopo la kimea, ili usisahau harufu ya kweli.

Senge wako,
Selpher


Kileleshwa
1 Desemba 2024

Senge,

Mulembe. Kopo limefika na Mama amelificha chini ya kitanda kama dhahabu. Goti zima, sauti nzima. Jogoo wa ghorofani bado yuko. Sasa anawika saa kumi na moja na walinzi wanabadilishana zamu kwa sauti yake.

Hukunijibu kuhusu jikoni. Labda ulisahau. Nakuuliza tena.

Umesema asimamishwe. Nimepata mahali. Kuna kundi la wapenda bia, hukutana Jumamosi moja kila mwezi, saa nane mchana, chumba cha juu cha mkahawa mmoja Hurlingham. Wanaonja, wanabishana, wanaandika maoni, na baa nyingi za upande huu hununua kinachosifiwa hapo. Gerishon anawaogopa kuliko mama yake.

Mwenyekiti ni Muigai, mwalimu wa hesabu, mpenzi wa zile bia chungu za hopsi, maua yale ya kutia uchungu. Hunusa kikombe mpaka unadhani amelala. Stellah anapenda zenye ukakasi wa matunda, hasa pasheni. Anasema bia isiyokunjisha uso ni soda. Na kuna Odhiambo, fundi wa lifti, ambaye kwa miaka saba amehudhuria kila mkutano na chupa yake ya Tusker moto, hataki ya friji. Wakimaliza kusifu vitu vyao anasema, "Sawa. Sasa nyinyi kunyweni manukato, mimi nikunywe bia." Wanampenda kwa sababu hajawahi kudanganya. Nilipojiunga waliniuliza napenda nini, nikasema ukweli: nikitoka kazini, White Cap baridi, basi. Muigai alisikitika kama amefiwa. Odhiambo akanisogezea kiti.

Februari Gerishon amealikwa kuiwasilisha Moshi wa Cucu. Desturi yao ni kwamba mgeni huonja vikombe vitatu vilivyofunikwa na kuitambua bia yake, kisha aieleze. Nimejitolea kumimina.

Kuna jambo moja kuhusu Gerishon ambalo najua mimi peke yangu. Sitaliandika hapa. Nililijua nikiwa nampenda. Lakini linatosha.

Jacklyne


Kimilili
12 Januari 2025

Jacklyne,

Heri ya mwaka. Tulisali, tulikula, Ken alichoma nyama ikawa ngumu. Umande ni mwingi na mgongo wangu unaujua.

Uliyoniuliza nitakujibu, si leo.

Hilo jambo unalolijua wewe peke yako, kama alikupa kwa mkono wake, lipime kwanza. Lakini sikuzuii. Tangu Oktoba silali vizuri kwa hasira, na umri wangu si wa hasira.

Mimina kwa mkono usiotetemeka.

Senge


Kileleshwa
17 Februari 2025

Senge,

Mulembe. Mama mzima. Habari nyingine zitangoja.

Imekwisha, na nakueleza ilivyokuwa kabla mtu mwingine hajakueleza vibaya.

Kwanza nikuambie nililokuficha. Gerishon hana pua. Ile homa ya korona ilipompata, miaka minne iliyopita, harufu iliondoka na haikurudi. Ulimi wake unajua tamu, chungu, chachu na chumvi, basi. Mwenye kiwanda cha bia! Aliniambia jioni moja sebuleni kwangu, akilia kama mtoto, na nikamwapia kwamba hakuna atakayejua. Tangu siku hiyo nikawa pua yake. Yeye anainua glasi mbele ya wanunuzi, mimi nimeshamnong'onezea asubuhi: leo inanukia ndizi, leo moshi, leo useme ganda la chungwa. Debra sidhani alijua. Moshi wa Cucu aliitengeneza kwa vipimo na kumbukumbu tu. Hilo nampa, ni fundi.

Siku ya Alhamisi nilinunua chupa mbili za Moshi wa Cucu, nikazimimina kwenye chupa za kioo angavu, nikaziba, nikaziweka kwenye roshani juani. Siku mbili. Bia yenye hopsi ikipigwa na jua hivyo hubadilika harufu, Senge. Ulimini inabaki karibu ileile, lakini puani inanuka kama mnyama kicheche. Mama alifunga dirisha akauliza kama paka wa jirani amekufa.

Jumamosi chumba kilijaa. Gerishon alikuja na koti la kijivu, Debra kando yake. Aliniona na jagi mkononi, akasita. Muigai akasema, "Jacky ndiye anamimina leo, hakuna shida?" Debra akacheka, "Hata umfunge macho, atajua kitu yake." Basi angekataa vipi?

Nikaweka vikombe vitatu vya bati vyenye vifuniko. Viwili vya bia nyeusi za watu wengine, na cha tatu kile cha jua. Kila mwanachama naye alipata vyake. Sheria ni kwamba hakuna anayesema mpaka mgeni amalize.

Akafunua cha kwanza, akanusa kwa madoido, akanywa. Akafunua cha pili. Akafunua cha tatu, akanywa, na uso ukafunguka. Alikitambua, Senge. Kwa utamu wake na uzito wake, alikijua. Ilikuwa bia yake kweli.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo yangu." Akasimama. Akakileta kikombe puani akafumba macho. "Vuteni harufu taratibu. Moshi wa asubuhi, cucu amewasha jiko. Halafu majani ya mpera. Safi. Mimi nikinusa hii nakuwa na miaka sita."

Stellah alikuwa ameziba pua kwa leso. Muigai alikuwa amekisukuma kikombe mpaka ukingoni mwa meza. Debra alinusa chake, akamtazama Gerishon, akanusa tena, na nikaona anaanza kuelewa.

Odhiambo akaweka kikombe chini. "Buda," akasema, kwa upole kabisa. "Hii inanuka kicheche."

Watu wengine walicheka. Gerishon naye akacheka kidogo, akitafuta ni nani ametania. Kisha macho yake yakanifikia, na kicheko kikaisha.

Nikasimama. Nilisema yote. Kwamba hana pua tangu korona. Kwamba kila harufu aliyowahi kuwaelezea ilikuwa yangu. Kwamba hakuna cucu wa Murang'a. Kuna Selpher wa Kimilili, mwalimu mstaafu, na huyu aliingia jikoni kwake kama mgeni akamwibia. Mkono wangu haukutetemeka.

Hakubisha. Alisema neno moja tu, si kwao, kwangu. "Jacky. Hiyo nilikuambia wewe."

Akatoka. Debra alibaki ameketi muda, kisha akatoka kwa mlango mwingine.

Jana Muigai ameandika yote kwenye ukurasa wa kundi. Baa mbili zimeshaiondoa bia. Nimelala kama mtoto, Senge, usiku wote. Nimekuandikia haraka ili ufurahi.

Jacklyne


Kimilili
30 Machi 2025

Jacklyne,

Mulembe. Barua yako ilifika tarehe ishirini na moja Februari. Haikuchelewa, niliyechelewa ni mimi. Nimeanza kukujibu mara nne.

Ng'ombe wazima. Ken mzima. Mvua imeanza na tumepanda.

Uliniuliza mara mbili kama nilimwona akichungulia jikoni. Hakuchungulia, mwanangu. Nilimfundisha.

Alirudi hapa Machi mwaka jana, peke yake, siku ya Jumanne. Alileta blanketi na sukari. Akaniita Senge. Akasema atakuoa Desemba, na anataka siku hiyo watu wanywe ya kwetu, iwe ajabu kwako, nisikuambie. Nilifurahi mpaka nikapotea. Baba yako aliniachia kazi moja tu, nikuone umeolewa, na huyu hapa amekuja mwenyewe. Nilimweka jikoni siku mbili. Nilimwonyesha majivu, nikamwonyesha kufunika. Nilimpa majani ya mpera anuse, na baadaye nikagundua yalikuwa yameota ukungu, yeye alisema, "Tamu sana, Senge." Nilidhani ni adabu.

Kwa hiyo aliposema kwenye chupa kwamba ni ya cucu wake, alisema uongo. Aliposema atakuoa, uongo pia. Lakini hakuiba jikoni. Mimi nilimpa, na nikakuacha useme mbele ya watu kwamba aliiba, kwa sababu niliona haya kukuambia nilivyodanganywa. Hasira niliyokuwa nakusukuma nayo ilikuwa ya kujificha.

Wiki iliyopita alikuja. Amekonda. Alisimama uani, hakutaka kiti. "Mwambie Jacky sikuiba," akasema. "Mengine yote aliyosema ni kweli, lakini sikuiba."

Nikamwambia, "Uliniita Senge. Hiyo ndiyo uliyoiba."

Sikumpa hata maji. Aliondoka kwa miguu mpaka barabarani na nilimwangalia mpaka mwisho, na sikujuta.

Lakini na wewe nikuambie. Ulimpiga mahali ulipoonyeshwa kwa kuaminiwa. Kama ungeniambia kwanza ni jambo gani ningekukataza, na labda ndiyo maana hukuniambia. Nimewakasirikia wote wawili, na zaidi yenu nimejikasirikia mimi. Sahihisha lililo langu. Lililo lako ulitazame mwenyewe.

Selpher


Kileleshwa
27 Aprili 2025

Senge,

Mulembe. Mama anakusalimu, hajui kilichomo kwenye barua zetu na afadhali asijue. Jogoo ameliwa Pasaka. Jengo zima limemlilia.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kazini nikaunguza mikate ya asubuhi yote. Nilikukasirikia siku tatu. Sasa imepita. Ulitaka harusi, na mimi pia niliitaka, na yeye aliliona hilo kwetu sote akalitumia.

Lililo lako nimelisahihisha. Mkutano wa mwezi huu nilisimama tena, nikawaambia kwamba hakuiba. Alipewa, kwa ahadi ya ndoa aliyojua ni ya uongo. Muigai akauliza, "Kwa hivyo tufute? Tumrudishe?" Nikamwambia andika hivyo hivyo nilivyosema, neno kwa neno. Stellah akasema afadhali angeiba. Odhiambo alifungua Tusker yake, akakisogeza kiti chake mbali na changu.

Lililo langu sasa.

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, mlinzi alinipigia kutoka langoni. Nikashuka. Alikuwa Gerishon, na chupa moja isiyo na karatasi wala jina. Debra ameondoka, wawili wa wafanyakazi wameondoka, waliobaki kila akiwauliza wanasema iko sawa, bosi, na hawezi kujua kama ni kweli.

"Niaje, Jacky."

"Poa."

"Nimetengeneza nyingine. Si ya Senge. Hii ni yangu, nimeanza kutoka chini." Akanipa chupa. Mikono yake ilikuwa na malengelenge ya kukaanga kimea. "Sikuja kuomba msamaha, najua hautanipea. Niambie tu iko aje. Kitu moja tu. Niendelee ama niwache."

Nikaifungua kwa funguo zangu. Nikanusa. Nikanywa palepale langoni, magari yakitoka na kuingia, mpaka tone la mwisho. Hakuniondolea macho hata mara moja. Alikuwa anausoma uso wangu kama zamani, na mimi nikaufanya uwe ukuta.

Nikamrudishia chupa tupu. "Asante kwa kinywaji," nikasema.

"Jacky. Tafadhali."

Nikapanda ngazi. Nilipofika roshani bado alikuwa amesimama na chupa yake, halafu akaenda.

Nakuambia wewe peke yako. Ilikuwa tamu, Senge. Ilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kuonja kwake, hata ya kwako aliyoivalisha suti. Ilinukia mvua juu ya vumbi, na asali mbali sana, na sijui aliipataje bila pua. Ningemjibu kweli, ningemwambia asibadilishe kitu.

Mimi nilifanya kazi na yule mtu miaka minne. Namjua. Asipoambiwa neno, humwaga. Jana Odhiambo alikuwa akitengeneza lifti ya jengo lililo karibu na kiwanda, akaniambia amewaona watu wa Gerishon wakifungua pipa, bia yote ikaenda mtaroni mpaka barabara ikawa na povu.

Nilijua ataimwaga. Ndiyo sababu nilinyamaza.

Umeniambia nilitazame lililo langu. Nalitazama. Usiniandikie ukinihurumia, niandikie habari za ndama.

Jacklyne